Bichi Yetu Inabebwa na Lori, Nyinyi Mko Bize na Diani

Wasee, wacha niseme hii mapema, tukikosana tukosane vizuri. Kila Agosti grupu yetu ya kampasi inafufuka. Mtu anaposti picha ya zamani, mwingine anaandika "mnakumbuka?", na kabla chai ipoe kila mtu anapanga Diani. Tupande treni Emali au Kibwezi, tushuke Mombasa, tuvuke feri ya Likoni, tupige picha miguu ikiwa kwa mchanga. Eti turudishe zile siku.

Siku gani? Zile siku hazikuwa Diani. Nani kati yetu alikuwa na pesa ya Diani? Bichi yetu ilikuwa mto. Jumamosi tulitoka Kwa Vonza na spika ya kuazima na mahindi ya kuchoma, tukashuka hadi mto Tiva. Kama hujui Ukambani, mito yetu mingi hukauka juu. Kiangazi kikifika unapata mchanga mtupu, mpana kama uwanja. Tulipiga mpira pekupeku. Usiku tulilala chali, mchanga ukiwa bado na joto la mchana, tukipanga maisha ambayo wengi wetu hatujayaona bado. Kiu ikitushika tulichimba kwa mikono mpaka maji yatoke. Maji baridi, matamu.

Juzi nilirudi pale. Nilipata mwamba, mashimo na alama za magurudumu. Mama mmoja alikuwa ndani ya shimo lililomzidi urefu, anachota kikombe baada ya kikombe, kila kikombe na tope lake. Nikamsalimia. Akaniangalia sana, akasema: "Mwanangu, si nyinyi ndio mlikuwa mnacheza hapa? Mlienda na mchanga wenu?"

Sikumjibu, kwa sababu mimi nilienda nao. Mwaka wa pili, karo ikinilemea, nilipakia lori usiku. Tulikuwa wanne, kila mtu na koleo lake, tochi zimezimwa. Nililipwa mia tatu. Kampasi niliacha hata hivyo, na zile mia tatu siwezi kukuonyesha zilienda wapi. Kwa hivyo usidhani nakuhubiria nikiwa msafi.

Lakini elewa kitu tulichouza. Mchanga wa mto ni tangi. Mvua ikinyesha unafyonza maji na kuyaficha jua lisiyafikie. Kwenye bwawa la mchanga, hadi asilimia 40 ya ule ujazo inaweza kuwa maji. Ndiyo maana vikundi vya mwethya, wengi wao akina mama, walibeba mawe mgongoni kujenga kuta mtoni. Ndiyo maana SASOL wamejenga mamia ya mabwawa hayo Kitui tangu miaka ya 1990. Mafuriko huleta mchanga msimu baada ya msimu. Malori huumaliza kwa wiki chache, na visima vya jirani vinakauka nao.

Najua mtaniambia: vijana watakula nini, na nyumba zitajengwa na nini? Swali poa. Umoja wa Mataifa unakadiria dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka, kwa hivyo hakuna mtu anasema tuache kujenga. Hata Makueni hawakusema hivyo. Mwaka wa 2015 walipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, wakaunda na mamlaka ya kuusimamia. Soma jina vizuri: kuhifadhi na kutumia. Kuchota kwa mpango ni kazi. Lori linalokuja saa nane usiku bila kibali ni wizi, na yule kijana wa koleo ndiye anayelipwa kidogo zaidi na kushikwa wa kwanza. Mwenye lori amelala kwake.

Na hizo bedsita zetu mpya Nairobi, zile tunapigia video za "karibuni kwangu", umewahi kuuliza mchanga wake ulitoka mto gani? Mimi sikuwahi.

Kinachoniuma kwa hii nostalgia yetu ni kwamba tunalilia mahali bila kupatetea. Tunalipa nauli, feri na chumba tuende kukumbukia mto wetu kwa bahari ya watu wengine, wakati mto wenyewe unaondoka kwa lori na mama yule anazidi kuchimba.

Kwa hivyo Agosti hii msinihesabu Diani. Pesa za safari za watu kumi na wawili zinaweza kununua saruji ya kuanzia. Tutafute kikundi cha mwethya kinachojenga ukuta mtoni, tuwaulize wanahitaji nini, tubebe mawe Jumamosi moja. Na mtu akiona lori la usiku, apige ripoti badala ya kupiga picha tu.

Mimi nitakuja na koleo. Ni lile lile.