Jicho Lisilouma Laweza Kupofuka

Katika familia zetu ugonjwa hupimwa kwa maumivu. Mtoto akilia usiku, alfajiri yuko hospitali. Lakini baba akisema, "Naona kama nzi weusi mbele ya jicho, ila siumwi," huambiwa asubiri mpaka mahindi yauzwe. Kwa maoni yangu, kipimo hicho kinapofusha watu ambao wangeokolewa.

Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna utando mwembamba uitwao retina. Huo hupokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Retina haina hisia ya maumivu, hivyo hata ikichanika mgonjwa hasikii kitu. Mara nyingi mchaniko huwa mdogo. Ipo aina moja adimu ambayo ni kubwa mno: huenea robo ya mzunguko wa jicho au zaidi, kama kutoka namba 12 hadi namba 3 kwenye uso wa saa. Retina iliyochanika hivyo hubanduka upesi na hata kupinduka.

Chanzo ni nini? Jicho limejaa ute kama ute wa yai. Ute huo ukiyeyuka na kujivuta, huweza kuichana retina. Walio hatarini zaidi ni wenye kuona karibu tu, wavaao miwani mikali tangu utotoni, na waliopigwa jichoni kwa ngumi, jiwe au mpira. Wengine wana udhaifu wa kurithi katika ukoo, na wengine hawaonekani kuwa na sababu yoyote. Tusitafute mchawi.

Dalili zake ni hizi:
1. Mimuliko ya mwanga, hata gizani.
2. Vidoa vyeusi vingi vinavyotokea ghafla.
3. Kivuli kama pazia linalofunika upande mmoja wa jicho.

Zamani jicho kama hilo lilihesabiwa limekufa. Daktari Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, ndiye aliyewaonyesha wenzake kwamba tundu la retina likizibwa, retina yaweza kurudi mahali pake. Katika miaka ya 1980 Daktari Stanley Chang wa New York alianza kutumia kimiminika kizito kuliko maji. Daktari huondoa kwanza ute wa jicho, kisha huingiza kimiminika hicho, nacho huilaza retina iliyopinduka kama mkono unavyonyoosha shuka kitandani. Kingo za mchaniko hushikizwa kwa miale ya leza au kwa baridi kali. Mwishoni jicho hujazwa gesi au mafuta ya silikoni ili retina isibanduke tena.

Mgonjwa naye ana kazi yake: kulaza kichwa kama alivyoelekezwa, hata kwa siku nyingi. Aliyewekewa gesi asipande ndege mpaka daktari aruhusu. Mafuta ya silikoni kwa kawaida hutolewa baadaye kwa upasuaji mwingine. Wapo ambao retina hubanduka tena, wakarudi chumba cha upasuaji. Lakini anayefika kabla sehemu ya katikati ya retina haijabanduka ana tumaini kubwa zaidi la kuona vizuri.

Ndiyo maana nasema: fedha ya kwanza iwe nauli, wala si dawa ya matone kutoka dukani. Hakuna tone linaloshona retina. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, eleza dalili zako, na uombe jicho lipimwe mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa. Ukipewa rufaa kwa daktari bingwa wa macho, usiiweke kabatini. Jicho la pili nalo lichunguzwe, kwani mara nyingi lina udhaifu ule ule, na udhaifu ukigunduliwa mapema huweza kutibiwa kabla retina haijabanduka.

Akina mama na akina baba, mtu wa nyumbani akiwaambia haoni vizuri, msimwulize kwanza kama anaumwa. Mwulizeni ameanza lini, kisha mtafuteni usafiri. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.