Wiki ya Kujitolea Likasi: Nani Amfundishe Nani?

Mwanafunzi wa lugha anayetoka Tanzania kwenda kujitolea Likasi huaga nyumbani akiamini kwamba anapeleka Kiswahili mahali kilikoharibika. Mimi naishi hapa kama mwanagenzi, na nimemaliza wiki ya kazi za jamii katika komuni ya Kikula. Naona imani hiyo ndiyo mzigo wa kwanza wa kuuacha mpakani.

Kazi zenyewe zilikuwa za kawaida: kuzibua mitaro, kufagia soko, kusaidia darasa la watu wazima, kubandika matangazo ya afya. Mitaro inataka mikono tu. Matangazo yanataka lugha, na hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Tangazo mojawapo, lililoandaliwa mbali na Likasi, liliwaonya watu kwamba wakiugua wasikimbilie kwa mganga. Kwetu, ingawa Mganga Mkuu wa Wilaya ni daktari, mtu wa kawaida akisikia onyo hilo anafikiria tunguri na hirizi. Likasi, munganga ni daktari wa hospitali. Mama mmoja alilisoma, akatuuliza kwa nini tunawazuia watu kutibiwa. Tangazo lilikuwa sanifu kabisa, na lilisema kinyume cha lililokusudiwa.

Wapo watakaojibu kwamba kosa ni la wasomaji wasiojua Kiswahili. Jibu hilo halisimami hata kwa kipimo cha isimu tunayofundishwa. Watu wa Likasi huita mkaa makala, na sisi tunacheka kwa sababu makala kwetu huandikwa gazetini. Lakini makala hiyo imehifadhi sauti ya l ambayo makaa yetu yameipoteza. Wakisema kintu, wametunza n ya Kibantu cha kale iliyodondoka katika kitu chetu. Hapo aliyebadilika ni sisi.

Historia nayo inatudai heshima. Mji huu uliitwa Jadotville hadi 1966, na ulikua kwa migodi ya Union Minière, iliyokusanya vibarua kutoka Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko. Johannes Fabian, katika Language and Colonial Power (1986), alionyesha jinsi utawala wa Kibelgiji ulivyotaka kukifanya Kiswahili kuwa chombo cha kuamrisha wafanyakazi. Watu wa Katanga wamekichukua chombo hicho wakakifanya lugha ya nyumbani, ya kanisani na ya mapenzi. Tukija leo kuwasahihisha kila sentensi, tunarudi kwenye kiti cha msimamizi wa mgodi.

Hata neno kujitolea linahitaji uangalifu. Enzi za Mobutu raia walilazimishwa kufanya salongo, kazi ya umma isiyo na malipo. Mzee anayekumbuka hayo akiona kundi la wageni wenye majembe, ana haki ya kuuliza nani amewatuma. Anastahili kujibiwa kwa maneno anayoyatumia yeye.

Sidai kwamba Kiswahili sanifu hakina kazi hapa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kijana wa Likasi anayetafuta soko au masomo Dar es Salaam atakihitaji. Tumfundishe, lakini kama lahaja ya pili ya lugha ambayo tayari ni yake. Mwalimu anayeanza na "hapa mnakosea" atabaki na darasa tupu kufikia Jumatano.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa kitivo chetu mambo matatu. Kwanza, siku mbili za mwanzo za wiki ya kujitolea ziwe za kusikiliza na kuandika msamiati wa mtaa, kabla ya kubandika au kufundisha chochote. Pili, kila tangazo lisomwe kwa sauti mbele ya wenyeji watano kabla ya kuchapwa. Tatu, sehemu ya alama za mwanagenzi itolewe na wenyeji waliompokea, maana wao ndio wanaojua kama alieleweka.

Tumezoea kuandika ripoti kuhusu tulichowapa watu. Ripoti za Likasi zianze na orodha ya maneno tuliyofundishwa, na neno la kwanza liwe munganga.