Mtumbwi ukipinduka, mwokozi wa kwanza ni jirani

Tangu Daraja la JP Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lizinduliwe Juni 19, 2025, mgonjwa anayekimbizwa Mwanza kutoka Sengerema au Geita hasubiri tena kivuko. Ni nafuu kubwa. Lakini daraja hilo haliwafikii watu wa Ukara, Kome na Maisome. Huko wajawazito, wanafunzi na wavuvi wa dagaa bado wanategemea mitumbwi na boti.

Kila ajali inapotokea ziwani tunajadili ubovu wa chombo na wingi wa abiria. Ni mjadala wa haki: MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018 na kuua zaidi ya watu 220, ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Ila kuna swali tunaloliruka: nani anafika kwanza?

Jibu tunalo. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba Novemba 6, 2022, wavuvi wenye mitumbwi walikuwa miongoni mwa waokoaji wa kwanza. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 24 walipona. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika chache, na hakuna boti ya uokoaji itakayotoka mjini na kufika visiwani kwa dakika hizo. Ndiyo maana ujuzi wa mvuvi ni suala la afya ya jamii.

Mliopinduka, shikilieni mtumbwi. Mbao huelea hata mtumbwi ukijaa maji, tena huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Nchi kavu hudanganya macho. Wengi huchoka njiani wakiogelea kuifuata.

Mwokozi, usijitose. Anayezama hushika chochote, akikushika mtazama wote. Mrushie kamba au dumu tupu lililofungwa vizuri, au mnyooshee kasia. Ukikaribia kwa boti, zima injini ili propela isimkate. Abiria wako wabaki wameketi, kwani wakikimbilia upande mmoja nanyi mtapinduka. Mkiwa na mitumbwi miwili, iwekeni ubavu kwa ubavu na mshikilie kingo zake ili itulie, kisha vuteni mtu mmoja mmoja. Chombo kikijaa, waliobaki washike kamba majini wakisubiri kingine.

Mkifika ufukweni, msimning'inize mtu kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mnapoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, mbane pua na umpulizie mdomoni pumzi tano. Kwa mtoto mchanga, funika mdomo na pua pamoja kwa mdomo wako. Pumzi hutangulia kwa sababu aliyezama amekosa hewa. Asipozinduka, kandamiza katikati ya kifua mara 30, mpulizie mara mbili, rudia bila kuchoka hadi apumue au mhudumu wa afya afike.

Akizinduka, msimpeleke nyumbani kulala. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuanza kushindwa saa kadhaa baadaye. Kikohozi kisichoisha, kupumua haraka au usingizi usio wa kawaida ni dalili za hatari. Apelekwe kituo cha afya, hata kama anasema yuko salama.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Hapa Mwanza, asasi ya EMEDO imekuwa ikishirikiana na jamii za wavuvi kuzuia vifo hivi. Lakini asasi moja haiwezi kubeba ziwa zima. Halmashauri zinazokusanya ushuru kwenye mialo zinaweza kuhakikisha kila mwalo una watu waliofundishwa kuokoa na kupuliza pumzi, kamba ndefu na majaketi okozi. Hivyo si vifaa vya hospitali kubwa.

Mzazi, nawe una sehemu yako. Kabla ya kupanda, omba jaketi linalomtosha mwanao. La mtu mzima humpanda hadi kichwani na kumchomoka majini. Nahodha akisema hakuna, au chombo kimejaa, shuka. Kuchelewa kliniki kunarekebishika kesho.