Mbuzi ana miguu minne, na mbwa pia

Kuna mtihani wa huko Marekani unaitwa LSAT. Ukitaka kusomea sheria kule, ama Canada, vyuo vingi vitakuuliza umepata ngapi. Alama ni kutoka 120 mpaka 180. Umekuwepo tangu 1948, na kitu kilichonishangaza ni kwamba hauulizi sheria hata kidogo. Hakuna katiba, hakuna kesi. Agosti 2024 waliondoa hata yale mafumbo ya kupanga watu kwa viti na siku. Siku hizi ni kusoma kwa ufahamu na kupima hoja, na hiyo ya hoja inahesabiwa mara mbili. Dakika 35, maswali kama 25 hivi. Kimbia nayo.

Mimi sina mpango wa kwenda huko. Lakini kuna aina moja ya swali ndani yake ambayo ningetaka ibandikwe kwa ukuta wa kila baze, kuanzia Kiamaiko mpaka Huruma. Unapewa aya fupi, mtu anajenga hoja yake, halafu unaulizwa: hii hoja imeharibikia wapi? Majibu matano, chagua moja.

Wengi huanguka kwa sababu wanajibu swali lingine. Huulizwi kama alichosema huyo mtu ni kweli ama uongo. Unaulizwa kama sababu alizotoa zinamfikisha pale anasema amefika. Mtu anaweza kuwa amesema ukweli na bado hoja yake ni takataka.

Tuchukue mbuzi, maana hapa Kiamaiko mbuzi ndio ofisi. Mbuzi wote wana miguu minne. Huyu ana miguu minne. Basi huyu ni mbuzi. Hata mtoto wa nasari atakucheka, kwa sababu mbwa wa jirani pia anayo minne. (Hilo usiliseme mbele ya mtu anakunywa supu.) Kosa ni kugeuza sentensi kichwa chini miguu juu na kudhani bado inasema kitu kile kile.

Rahisi, sindio? Sasa toa mbuzi, weka hii: makarao hupiga risasi majambazi. Huyu kijana amepigwa risasi na makarao. Basi huyu kijana alikuwa jambazi.

Ni mbuzi yule yule. Tofauti ni kwamba hapa hakuna anayecheka. Watu wanatingisha kichwa, mmoja anasema "lazima alikuwa na kitu", na stori inaishia hapo. Mama bado analia na majirani washamaliza hesabu.

Hebu peleka hiyo hesabu kwa kesi ambayo mtaa huu wote unaijua. Tarehe 30 Machi 2020, kafyu ya korona haijamaliza hata wiki, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye balkoni ya kwao, hapa hapa Kiamaiko. Hakuwa barabarani. Alikuwa nyumbani. IPOA ilichunguza na afisa wa polisi akashtakiwa kwa mauaji. Sasa ile "lazima alikuwa na kitu" unaiweka wapi? Ukisema kila mtu, mmoja tu akikosa kuingia, umeshindwa. Hatuhitaji wa pili.

Najua jibu linalokuja. "Huyo alikuwa mtoto, lakini wale wengine..." Wale wengine kila mmoja anahitaji ushahidi wake mwenyewe, na ushahidi hupelekwa kortini. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema mshtakiwa huchukuliwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Hakisemi isipokuwa awe ametoka Eastlands na ana dredi.

Halafu kuna ile ya kunifungia mdomo: "Kwani unatetea wezi?" Hapana. Nimesema sababu yako haitoshi, sijasema kinyume chake ndio kweli. Mimi nimeporwa simu mara mbili. Nataka aliyeninyang'anya ashikwe, ashtakiwe, afungwe. Yeye. Si mtu wanayefanana koti.

Ukikaa na haya maswali unaanza kuyaona kila mahali. Bunduki zimewahi kunaswa Kiamaiko, wewe umetoka Kiamaiko, basi mwenye kazi anaficha kipochi. Baadhi imegeuka kuwa wote bila mtu kusema neno. Ndio maana wasee wanaandika "Eastleigh" kwenye barua ya kuomba kazi. Na sisi pia tunayo yetu: karao mmoja ameua, basi makarao wote ni wauaji. Hata kama una hasira, na hasira ninayo, hiyo nayo haifiki.

Kwetu Kenya, mabishano ya nani aingie Kenya School of Law yamekuwa juu ya alama za KCSE, ikiwemo ile B ya Kiingereza ama Kiswahili. Sawa, wakili lazima ajue lugha. Lakini ningelala vizuri zaidi nikijua wakili wangu, na hakimu, na yule karao anayeandika ripoti, wote walishawahi kukalishwa chini na ile hoja ya mbuzi wakaulizwa imeharibikia wapi. Na isingojee chuo. Kidato cha pili kinatosha, wengine wetu hapo ndipo tunaanza kusimamishwa njiani.

Basi tufanye moja, jibu hapo chini. Msee anasema: "Tangu waweke mulika mwizi kwetu, wizi umepungua. Kwa hivyo ni hiyo taa imepunguza wizi." Hoja imeharibikia wapi? Na usiniandikie kwamba taa ni nzuri. Hata mimi naipenda.