Dawa ya Deni ni Kulipa?



Wapendwa waamini, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, Tume ya Haki na Amani ya parokia yetu iliweka barua mezani, pale penye mlango mkubwa, ili waamini waitie sahihi. Barua hiyo yaiomba serikali yetu iunge mkono kuundwa kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya madeni ya nchi. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu ambaye amenizidi umri kwa miaka thelathini na ambaye namheshimu mno, aliisoma yote kwa utulivu, akairudisha mezani bila kuitia sahihi. Kisha akanifuata sakristia.

"Baba Paroko," akaniambia, "dawa ya deni ni kulipa. Haya mengine ni siasa, na siasa tuwaachie wenyewe."

Saa hiyo nilikuwa na ubatizo wa watoto kumi na mmoja, nikamjibu kwa kifupi, tena vibaya. Leo namjibu kwa kirefu, kwa ruhusa yake.

Msemo wenyewe siupingi. Nimeusema mara nyingi katika mikutano ya SACCOS yetu, na wapo wanaosoma hapa ambao niliwakazia macho nilipousema. Anayekopa akakataa kulipa humwibia jirani aliyeweka akiba. Lakini msemo huo umezaliwa mahali ambapo mdai na mdaiwa wanafahamiana, riba inajulikana, na ukitokea msiba au ukame kamati hukaa na kupanga upya marejesho. Tena nyuma ya kamati ipo sheria. Hapa Tanzania, mahakama ikiamuru mali ya mdaiwa ikamatwe, haigusi nguo zake za lazima, vyombo vyake vya kupikia, kitanda na matandiko, wala zana za fundi. Watunga sheria walitambua kwamba seremala aliyenyang'anywa msumeno hatalipa deni lake kamwe.

Nchi haina kinga hiyo. Nchi ikielemewa, hakuna mahakama ya kimataifa ya kuisikiliza pamoja na wadai wake wote. Kila kundi la wadai lina meza yake, na mdaiwa huzunguka meza hizo akibembeleza. Jirani zetu wa Zambia walisimamisha malipo ya hati fungani zao Novemba 2020. Makubaliano na serikali zinazowadai yalipatikana Juni 2023. Yale ya wenye hati fungani yakasubiri hadi 2024, mwaka uleule ambao ukame ulikausha mahindi hata Rais wao akatangaza janga la kitaifa. Zaidi ya miaka mitatu ya kubisha hodi! Nauliza: katika muda wote huo, misumeno ya Zambia, yaani shule, zahanati na mbegu za wakulima, ilikingwa na sheria gani?

Tubaki hukohuko Zambia, maana ipo habari ya zamani zaidi ambayo kila mwenye kupenda msemo wa mwalimu wangu yampasa kuitafakari. Mwaka 1979 Romania iliikopesha Zambia fedha za kununulia matrekta na zana za kilimo. Zambia ikashindwa kulipa. Mwaka 1999 kampuni iitwayo Donegal International ikalinunua deni hilo kutoka Romania kwa dola za Marekani milioni 3 na kitu. Haikuwa imeikopesha Zambia hata senti moja, wala haikuleta trekta. Baadaye ikaishtaki Zambia mjini London ikidai dola milioni 55, na mwaka 2007 ikapewa zaidi ya dola milioni 15. Hayo yalitukia baada ya Zambia kusamehewa madeni mengi na wadai wengine ili fedha ziende kwa wagonjwa na wanafunzi. Waungwana wale walingoja wenzao wasamehe, mfuko wa maskini upate chochote, ndipo wakaingiza mkono. Je, hapo pia tuseme dawa ya deni ni kulipa?

Nani aliyezuia mchezo huo? Si mabalozi. Ni watu wa kawaida wa Uingereza, waamini wa parokia, wanachama wa vyama vya wafanyakazi na asasi za kiraia, waliowaandikia wabunge wao bila kuchoka hadi mwaka 2010 Bunge lao lilipotunga sheria inayowabana wadai wa namna hiyo katika mahakama za nchi hiyo. Sheria hiyo inahusu madeni ya zamani ya nchi maskini zaidi. Haigusi hati fungani ambazo Zambia ilianza kuziuza mwaka 2012. Kazi haijaisha.

Watu hao walikuwa wameanza mapema. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1994 wa kuandaa Jubilei Kuu, aliomba madeni ya mataifa maskini yapunguzwe au kufutwa. Wito huo ukaungana na wa wengine. Mei 1998, wakuu wa nchi tajiri walipokutana Birmingham, watu wapatao 70,000 walishikana mikono wakauzunguka mji. Wakati huo mimi nilikuwa mseminari, na nakiri kwamba nilidhani ni mchezo wa Wazungu wenye nafasi. Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya kupata nafuu ya madeni ya takriban dola bilioni 3, iliyotandazwa katika miaka mingi. Mwaka huohuo ada ya shule ya msingi ilifutwa. Wanafunzi wa shule za msingi waliokuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000 wakapita milioni 7 ilipofika 2004. Sisemi kwamba kila dawati lilitokana na nafuu hiyo. Lakini mwalimu wangu alikuwa darasani wakati huo, na anajua watoto wale walivyofurika hadi madirishani. Baadhi yao sasa wanaleta watoto wao kubatizwa.

Sasa neno hili "siasa". Katika Shirika la Fedha la Kimataifa, maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake inashika zaidi ya asilimia 16. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tano anaiweza: mmoja akikataa, imekataliwa. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, zaidi ya arobaini, zilikuwa na viti viwili tu katika bodi yake hadi Novemba 2024 kilipoongezwa cha tatu. Mwaka 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za msingi za kupanga upya madeni ya nchi. Nchi 136 zilikubali, 6 zikakataa, zikiwamo Marekani, Uingereza, Ujerumani na Japani. Kanuni hizo hazimfungi mtu. Mwaka 2025, huko Sevilla, Hispania, asasi za kiraia ziliomba tena mkataba. Zikapewa ahadi ya mchakato wa kutazama mapungufu. Wakati huohuo shirika la UNCTAD lilikadiria kwamba watu bilioni 3.4 wanaishi katika nchi zinazotumia fedha nyingi kwa riba kuliko kwa afya au kwa elimu. Ikiwa hiyo ni siasa, basi wenyewe tunaowaachia ni wale wenye kura.

Najua mtakaloniambia: "Padre, wezi wetu wako hapahapa." Ni kweli, wala sitawatetea. Sote twaikumbuka rada iliyonunuliwa kwa mkopo, kwa takriban pauni milioni 28, wakati uleule tulipokuwa tukiomba nafuu. Mwaka 2010 kampuni ya Uingereza iliyotuuzia, BAE Systems, ilikiri mahakamani kutotunza hesabu sahihi, na ile chenji ya rada, pauni milioni 29.5, ikaja kununua vitabu na madawati. Mkopo mbaya una wazazi wawili. Atakayemchapa mmoja na kumwacha mwingine hajarekebisha nyumba.

Someni Kitabu cha Nehemia, sura ya tano. Watu wameweka rehani mashamba na nyumba kwa sababu ya njaa na kodi ya mfalme. Nehemia hakuwapitishia kikapu cha sadaka. Aliwakemea wakubwa na kuwaitia mkutano mkubwa, akawataka warudishe mashamba na riba, tena akawaapisha mbele ya makuhani.

Nilimsomea mwalimu sehemu hii kabla ya kuichapisha. Alinyamaza, kisha akasema atatia sahihi kwa sharti moja: barua iongezwe ombi kwamba kila mkopo wa taifa letu uwekwe wazi, kiasi chake, riba yake na kazi yake, kabla haujasainiwa. Tume imekubali. Barua mpya itakuwa mezani Dominika hii baada ya Misa zote mbili. Njoni na kalamu zenu, ile ya ofisi imepotea tena.

Paroko wenu.