Fungu la taa tuwape vijana wa mtaa

JICHO LA KASKAZINI
Na Halima Guyo

Msimu wa harusi ukiingia hapa Wabera, Isiolo, kamati hukaa, bajeti husomwa, na kifungu cha mapambo kikifikiwa kila mtu huanza kuangalia simu yake. Mpambaji atatoka mbali na gari lake, alete maua ya plastiki na nyaya za taa. Kesho yake alfajiri ameshafungasha, na pesa za michango zimeondoka naye. Rai yangu ni moja: fungu la taa wapewe vijana wa mtaa, watengeneze taa za karatasi.

Najua nitakavyojibiwa. Hizo ni kazi za chekechea, watu watatucheka. Watucheke kwa lipi? Wajapani wamekunja karatasi juu ya fito za mianzi kwa karne nyingi, na taa zao huning'inia mahekaluni na milangoni mwa mikahawa. Wachina wana sikukuu nzima ya taa, siku ya 15 ya mwezi wa kwanza wa kalenda yao. Hakuna anayewaita maskini. Sisi kilichotuponza ni kuamini kwamba kizuri sharti kitoke nje.

Kazi yenyewe haihitaji mtambo. Ikunje karatasi ya manila katikati kwa urefu. Kata kuanzia kwenye kunjo, mkato hadi mkato upana wa kidole, na ukomee vidole viwili kabla ya ukingo. Ikunjue, izungushe, bandika ncha zake kwa uji mzito wa unga wa ngano, kisha ibonyeze taratibu kutoka juu hadi itune kama kibuyu. Na kwa kuwa upepo wetu wa jioni hauna adabu, bandika kokoto chache ndani ya ukingo wa chini, halafu taa uifunge juu na chini, isipepesuke ovyo kwenye mwarobaini.

Lipo jambo moja nisilolifanyia suluhu: moto usiingie humo. Mshumaa na koroboi vibaki nyumbani. Karatasi kavu, tenti ya nailoni na madera ya akina mama havitaki cheche. Tumia vijitaa vya sola. Jua la Isiolo litavijaza tangu asubuhi bila bili, na stima ikipotea katikati ya nasaha za wazee hakuna atakayekaa gizani.

Kuna pia wanaotamani zile taa za kurushwa angani. Hizo tuzikatae kabisa. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2020, taa za aina hiyo ziliteketeza nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Krefeld, Ujerumani, na wanyama zaidi ya 30 wakafa. Ikiwa jengo la Ulaya wakati wa baridi liliungua hivyo, fikiria nyasi zetu za kiangazi, ambazo ndizo chakula cha mifugo ya jirani yako.

Wapo watakaosema taa ya karatasi hudumu usiku mmoja tu. Kweli, na mapambo ya kukodi je? Tofauti ni pale pesa zinapolala. Kwa hiyo kamati inayokaa wiki hii iwaite vijana mapema, iwanunulie manila, mikasi na unga, na ujira wao uandikwe kwenye bajeti. Mafundi hawa walipwe. Wasiishie kupewa soda na ahsante.