Umeme wa Matebe hauivishi maharagwe

Ndugu mwandishi wa makala, hapo unaposema umeme wa mtambo wa Matebe, mashariki mwa Kongo (DRC), umewatoa watu wa Rutshuru kwenye makaa, mimi wa Kiwanja, hukohuko Rutshuru, sikubali. Mtambo ule wa umeme wa maji wa mto Rutshuru ulizinduliwa Desemba 2015, na kweli mashine ya kusaga ya mtaani kwetu iliachana na mazutu, unga ukawa hauna tena harufu ya moshi. Lakini maharagwe bado tunayapika kwenye mbabula ya makaa: yanakaa motoni saa nyingi, na jiko la umeme ni ghali. Na wewe msomaji uliyeandika hapo juu, unayewalaumu wachoma makaa peke yao kwa kuharibu msitu wa Virunga, kumbuka Julai 2022 wizara ya hidrokaboni ilinadi vitalu vya mafuta, vingine vikiingia ndani ya Virunga, mbuga ileile ambayo serikali inapaswa kuilinda kupitia ICCN, taasisi yake ya hifadhi! Mnada ulifutwa Oktoba 2024 tu. Zaidi ya miaka miwili serikali moja ilikuwa na kauli mbili juu ya msitu mmoja, halafu mama anayenunua gunia la makaa ndiye anaitwa adui? Wizara hiyo na ICCN zikae pamoja, na serikali ipunguze ushuru wa majiko ya umeme.